Kipimo cha Mwanamize

Daftari langu hili, kurasa zimelowa mafuta ya ngozi,
lina nyayo za nusu ya Langoni.
Mteja asimama juu ya karatasi, penseli yazunguka:
kisigino, ukingo, kidole gumba, yarudi.
Mwanamize binti Shekuwe, mwalimu wa chuoni:
thalathini na tisa. Mguu mwembamba, magaga kidogo.
"Usinikaze, Famau, nina harusi Siyu."

Baada ya mwaka karudi. Arubaini na nusu.
Nikamtania: umri wa kuongeza mguu si ulishapita,
au ni vitumbua vya mamako?
Akacheka. Nikaona mwanya kati ya meno ya mbele,
mwanya nisioukumbuka.

Arubaini na mbili.
Safari hii hakucheka. Kanionyesha chanda:
pete ya ndoa imekatwa kwa msumeno wa sonara.
Chanda chema huvikwa pete, husema watu;
hawasemi chanda kikiikataa pete kifanyweje.

Muyini maneno hayana mlango.
Wa huku wasema jini, wa kule wasema shibe ya mali ya mume.
Mkoromo wake wavuka ukuta wa matumbawe
hadi nyumba ya pili.
Akipokea simu aambiwa, "Naam, bwana."
Na chuoni, herufi thaa ikaanza kumponyoka,
ulimi umejaa kinywani kama mgeni asiyetaka kuaga.
Mtoto wa miaka saba alimsahihisha mwalimu wake.
Alimpa peremende,
kisha akaingia msalani, akakaa sana.

Mimi najua ngozi ya ng'ombe na gundi, basi.
Lakini siku moja nilizitoa karatasi zake sita,
nikazipanga mguu juu ya mguu,
miviringo ndani ya miviringo, kama gogo lililokatwa.
"Hebu tazama," nikamwambia. "Hii si shibe.
Mguu huu unatii amri ya mtu."
Akazikunja, akazitia mkobani.

Daktari Komora, asema, hakumtazama uso kwanza.
Alitazama karatasi. Kisha akataka kitambulisho cha zamani,
akaiweka ile picha ubavuni mwa shavu lake, kimya.
Damu ikapelekwa Mombasa, kichwa kikapigwa picha.
Chini ya ubongo, nyuma ya pua, kuna tezi mfano wa kunde;
juu yake umeota uvimbe
unaomwaga homoni ya ukuaji usiku na mchana,
mfereji uliosahauliwa wazi.
Angekuwa mtoto, angerefuka hadi kuinamia kila mlango.
Lakini mifupa ya mtu mzima imeshafunga njia ya juu,
basi ukuaji wasukuma kando: taya, paji, vidole,
na ndani kusikoonekana, moyo nao wanenepa.

Moyo hupimwaje? Sikuuliza.

Walipitia puani. Sikuamini hata aliponiapia:
uvimbe umetoka kwa tundu la pua,
hakuna kovu la kuwaonyesha majirani.
Sasa ni sindano kila mwezi, na safari ya Mokowe alfajiri.
Ile pete mpya, kubwa, yaanza kumcheza chandani.
Mkoromo umepungua; mumewe alalamika
kwamba kimya kinamwamsha.
Taya limebaki. Paji limebaki.
Mfupa ukishatoka haurudi ulikotoka.
Wageni humkodolea mato gatini,
naye huwakodolea wao mpaka wageuke.

Jana kaingia, kavua viatu,
kasimama juu ya karatasi bila kuambiwa.
Penseli ikazunguka. Mkono ulinitetemeka, nikapima mara mbili.
Arubaini na tatu.
Nikafunua ukurasa wa mwaka jana.
Arubaini na tatu.

"Ngapi?" kauliza, mato ukutani.
Nikamtajia.
Akanyamaza kitambo, akashusha pumzi,
kisha akaanza kugombana nami juu ya bei.